Somo la Biashara: Kumpelekea Mwenzio Mteja

  

Katika somo lililopita tulizungumza juu ya daftari la mapato na matumizi. Leo nataka kuzungumza juu ya jambo ambalo aghalabu haliandikwi daftarini kabisa, nalo ni mteja anayekujia kwa kinywa cha mwenzio. Wewe ni fundi seremala. Mwashi rafiki yako anajenga nyumba ya mtu, nyumba imefika kwenye linta, mwenye nyumba auliza, “Milango nitampa nani?” Mwashi akutaja wewe. Basi umepata kazi bila ya kutembea hata hatua moja. Jambo hili latendeka kila siku, na watu wengi hudhani halina kanuni. Linazo, nazo zikivunjwa urafiki huvunjika, na vikundi vizuri vimekufa kwa sababu hiyo.

Nianze na habari ya zamani sana, ili mjue kwamba jambo hili si geni katika pwani yetu. Mwaka 1331 msafiri mmoja kutoka Moroko, jina lake Ibn Battuta, alifika Mogadishu kwa chombo, kisha akashuka mpaka Mombasa na Kilwa. Aliandika mambo aliyoyaona. Asema kwamba chombo kilipofika Mogadishu, vijana wa mji walikijia kwa mashua ndogo, kila mmoja amechukua sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana alimpa mfanyi biashara mmoja sahani yake, na kusema kwamba huyu ni mgeni wake. Tangu hapo yule mfanyi biashara hushukia nyumbani kwa mwenyeji wake, isipokuwa kama ni mtu aliyezoea mji na ajuana na watu wake. Mwenyeji ndiye aliyemwuzia mali yake, na ndiye aliyemnunulia mali ya kurudi nayo. Tena kulikuwa na kanuni kubwa: mtu akinunua mali ya mgeni kwa bei ya chini mno, au akimwuzia kitu mwenyeji wake asipokuwapo, biashara ile ilihesabiwa kuwa batili.

Itazameni kanuni ile vizuri, kwa maana ina pande mbili. Upande mmoja yamlinda mgeni asipunjwe na watu asiowajua. Upande wa pili yalinda kazi ya mwenyeji, wengine wasimpite mlango wa nyuma. Na yule aliyekwisha kuujua mji, hakulazimishwa. Mimi naona watu wale wa zamani walifikiri sana. Sisi leo, mara nyingi, twashika upande wa pili tu, yaani kulinda kazi ya mwenyeji, na ule wa kumlinda mgeni twausahau.

Sasa turudi kwetu. Chukueni biashara ya machungwa. Pale Michungwani, karibu na Segera, na sehemu za Kabuku, mnunuzi afika na lori kutoka Dar es Salaam au hata kutoka Kenya. Hajui shamba la nani limekomaa, wala hajui njia ya kuingilia. Hapana budi ampate dalali. Dalali ampeleka shambani, bei yapatanwa, matunda yachumwa. Dalali ataka chake, na si vibaya. Mkono mtupu haulambwi. Amepoteza siku yake, ametumia maneno yake, na akimleta mnunuzi mwongo, mkulima atamjia yeye. Ada ya dalali ni mshahara wa kazi.

Ila ipo ada ya wazi na ipo ya kificho. Ada ya wazi, mkulima aijua na mnunuzi aijua. Ya kificho ni ile tunayoiita cha juu. Dalali amwambia mkulima, “Mnunuzi atoa bei hii,” na kumbe mnunuzi ametoa zaidi. Tofauti yaingia mfukoni pasipo mmoja wao kujua. Hapo hakuna kazi iliyolipwa. Hapo pana mtu aliyesimama katikati akawafumba macho watu wawili, na wote wawili wamemwamini.

Nitatoa mfano wa hesabu, maana ninyi mwajua kwamba mimi napenda hesabu. Tuseme mwenye nyumba anafanya kazi Dar es Salaam, naye ajenga kwao Mazingara. Amempa mwashi kazi, na kwa kuwa yeye hayupo, amwambia, “Nitafutie na seremala.” Mwashi amwendea seremala wa kikundi chao. Mlango mmoja ni shilingi 180,000. Mwashi amwambia, “Wewe sema 230,000. Hiyo 50,000 ni yangu.” Milango ni minne. Mwenye nyumba amelipa shilingi 200,000 zaidi, na hajui. Seremala amepata kazi, mwashi amepata fedha, wote wamefurahi. Mwezi wa pili mwenye nyumba aja likizo, akaa barazani na jirani, wazungumza habari za ujenzi. Jirani asema, “Mimi milango yangu, kwa fundi yuyo huyo, nilitoa 180,000.”

Je, mwenye nyumba atamlaumu nani kwanza? Atamlaumu seremala, kwa kuwa bei ilitoka kinywani mwake. Na seremala hakupata hata senti moja katika zile laki mbili! Ndiyo maana nawaambia mafundi: mwenzio akikuletea mteja na neno la cha juu, wewe ndiwe unayeweka jina lako rehani kwa faida ya mtu mwingine. Mjibu kwa upole, “Ndugu yangu, ada yako nitakupa kutoka katika fedha yangu, na mwenye nyumba akiuliza nitamwambia.” Akikasirika, bora akasirike yeye leo.

Tena jambo hili si la adabu peke yake. Sheria ya Mikataba ya nchi yetu, Sura ya 345, yasema juu ya mtu aliyetumwa, yaani wakala. Wakala akiifanya shughuli aliyotumwa kwa faida yake mwenyewe, na aliyemtuma hajui, basi aliyemtuma aweza kuidai faida ile. Mwashi wetu alitumwa kutafuta seremala. Kwa kazi ile alikuwa wakala. Na kama mtu ni mwajiriwa mwenye kununulia ofisi au kampuni, akapokea zawadi kwa siri ili apeleke kazi kwa fulani, hapo jambo lakaribia mlango wa TAKUKURU, kwa sheria ya mwaka 2007 ya kuzuia na kupambana na rushwa. Wapo wanaodhani rushwa ni ya maofisa wa serikali tu. Sivyo.

Haya. Sasa nizungumze juu ya vikundi, kwa maana wengi wenu mmo katika vikundi vya kuweka na kukopeshana. Wengine mmeunda vikundi kwa ajili ya mikopo ya halmashauri, ile ya asilimia kumi, nne za wanawake, nne za vijana, na mbili za watu wenye ulemavu. Humo kikundini yumo mshona nguo, yumo mama lishe, yumo mwenye mashine ya kusaga, yumo wa bodaboda. Ni jambo la kawaida kusemezana, “Tupelekeane wateja, fedha izunguke kwetu.” Neno zuri. Lakini lina mashaka yake, na mashaka hayo yalikwisha onekana mahali pengine mbali na hapa, kwa watu waliotutangulia.

Tarehe 23 Februari mwaka 1905, katika mji wa Chicago huko Marekani, watu wanne walikutana katika ofisi moja. Mmoja alikuwa wakili, Paul Harris. Wengine walikuwa Silvester Schiele, mwuza makaa ya mawe, Gustavus Loehr, mhandisi wa migodi, na Hiram Shorey, mshona nguo. Kila mmoja kazi yake mbali. Waliamua kuwa marafiki na kusaidiana katika biashara, na kukutana kwa zamu katika ofisi ya kila mmoja. Kwa sababu ya zamu ile chama chao kikaitwa Rotary. Walichukua mtu mmoja tu wa kila kazi, ili wasishindane wao kwa wao. Hata waliweka mwenzao mmoja kuandika hesabu ya biashara ambayo wanachama walipeana. Fikirini, walikuwa na daftari la wateja waliopelekeana!

Mwaka 1906 walimkaribisha wakili mmoja, Donald Carter, aingie. Aliuliza chama chafanya nini. Alipoelezwa, alikataa. Aliona kwamba chama kisichomfaa mtu yeyote ila wanachama wake hakitadumu. Wangeweza kumcheka na kumwacha aende zake. Hawakufanya hivyo. Waliongeza katika shabaha zao kazi ya kuufaa mji, na Carter akaingia. Leo Rotary yajulikana ulimwenguni kwa kupiga vita ugonjwa wa kupooza wa polio, na wachache wakumbuka kwamba ilianza kwa kupeana wateja. Desturi ile ya mtu mmoja kwa kila kazi, na ya kupeana wateja kwa kuandikiana, ilichukuliwa tena na chama kingine cha wafanyi biashara, BNI, kilichoanzishwa na Ivan Misner huko California mwaka 1985. Nacho chakutana kila juma.

Kwa nini nimewapeleka mbali hivyo? Kwa sababu swali la Carter ni swali la mteja wako. Mteja hajali kwamba wewe na seremala mmo katika kikundi kimoja na mwakopeshana fedha. Yeye ataka mlango usiopinda. Ukimpeleka kwa mwenzio ambaye wajua kazi yake ni mbaya, kwa sababu tu ni zamu yake au ni wa kikundi chako, umemtoza mteja ada ya urafiki wenu. Hiyo si haki. Kama kikundini hamna fundi wa kazi ile, au yupo lakini hawezi, mpeleke mteja kwa fundi wa nje, na umwambie wazi. Wenzako wakinung'unika, waulizeni kama wao wangemkabidhi fundi yule kuezeka nyumba zao wenyewe.

Juu ya zamu lazima niseme kidogo, maana hapa ndipo ugomvi mwingi unapoanzia. Vijana wa bodaboda mmeitatua sehemu yake vizuri kuliko watu wengi wazima. Kijiweni abiria aliyekuja tu kwa miguu ni wa zamu. Aliye mbele ndiye amchukuaye. Lakini abiria aliyempigia simu dereva fulani kwa jina si wa zamu, ni wake yule. Na abiria akisema, “Mimi nataka yule pale,” basi aachwe aende na yule, kwa kuwa ni fedha yake na ni roho yake inayopanda pikipiki. Chukueni desturi hiyo mwitie katika kikundi chenu. Mteja asiyekuwa na chaguo, na kazi ambayo wote wawili waiweza sawasawa, apelekwe kwa zamu. Mteja aliyetaja mtu, aende kwa mtu wake. Dhambi ni kumwambia mteja kwamba fulani hayupo, au fulani mgonjwa, hali yupo na ni mzima, ili umchukue wewe.

Lipo na jambo jingine la sheria ambalo vikundi vingi havilijui. Watu wa kazi mbalimbali kupelekeana wateja ni sawa. Lakini washindani wa kazi moja, tuseme wenye mashine za kusaga wa kata nzima, wakikaa na kupatana bei moja, au wakipatana kumgomea mtu fulani, au wakipanga nani ashinde zabuni ya kulisha shule, hayo yamekatazwa na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Najua wengine watasema, “Sisi twalindana tu.” Lakini kina mama wenye madebe ya mahindi kichwani, nani awalinde?

Sasa adabu zenyewe, yaani namna ya kumpeleka mtu. Kwanza uliza pande zote mbili. Siku hizi ni rahisi mno kuchukua namba ya simu ya mtu na kuitupa katika kundi la simu, “Huyu ataka cherehani, mpigieni.” Baada ya dakika kumi watu saba wamempigia, naye yuko msibani. Namba ya mtu ni kitu chake. Bunge lilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, nayo ilianza kutumika Mei 2023, kwa sababu namba na majina ya watu yalikuwa yakitupwatupwa ovyo. Lakini hata pasipo sheria, mzee yeyote wa Handeni atakuambia kwamba huwezi kumpeleka mgeni nyumbani kwa mtu bila ya kubisha hodi. Mwambie mteja, “Nina fundi nimjuaye, je, nimpe namba yako?” Kisha mwulize fundi, “Una nafasi ya kazi mwezi huu?”

Swali hili la pili mimi nililisahau siku moja, na nitawasimulia. Mkuu mmoja wa shule aliniuliza juu ya fundi wa sare. Nilimtaja rafiki yangu, mshona nguo hodari, tena mtu mwaminifu. Sare zilitakiwa 40 kabla ya shule kufunguliwa. Sikumwuliza rafiki yangu kitu. Niliona nampa neema. Kumbe alikuwa na nguo za harusi mbili na cherehani moja imeharibika, na kwa kuwa mimi ndiye niliyempeleka, aliona haya kukataa. Siku ya kufungua shule sare 11 ndizo zilizokuwa tayari. Watoto wengine walisimama mstarini na nguo za nyumbani. Mkuu yule hakusema neno, ila tangu siku hiyo hakuniuliza tena juu ya fundi yeyote. Na rafiki yangu naye, kwa muda mrefu, alikuwa akiniona mbali avuka barabara. Kosa halikuwa lake. Mtu akiwa hawezi kukataa, hukumpa neema, umemfunga kamba.

Kwa upande wa aliyeletewa mteja, wajibu wake ni huu: arudishe habari. Mteja amekuja au hakuja, mmepatana au hamkupatana, kazi imekwisha au bado. Wengi hawafanyi. Mwashi ampeleka mteja, seremala amaliza kazi, ala fedha yake, kimya. Mwashi asikia habari sokoni. Hakuomba ada, wala hakuitaka; lakini kule kunyamaziwa kwamchoma. Simu ya nusu dakika ingetosha: “Ndugu, yule mtu wako tumemaliza naye, ahsante.” Na kama kazi imeharibika, ndiyo zaidi umwambie upesi, asije akakutana na mteja njiani bila ya kujua.

Haimlazimu aliyeletewa kurudisha mteja kwa mteja, kama kulipa deni la upatu. Mshona nguo hupata watu wengi wa kuwapeleka kwa mama lishe. Mama lishe ana nani wa kumpelekea mshona nguo kila siku? Msihesabiane hivyo. Lakini mkiona katika kikundi yupo mtu ambaye mwaka mzima apokea tu, wala hakumtaja mwenzake hata mara moja, mwiteni mumwulize kwa faragha. Huenda hajui wenzake wafanya kazi gani. Nimekiona kikundi ambacho watu wameweka akiba pamoja miaka mitatu, na mmoja hakujua kwamba jirani yake wa benchi achomelea madirisha. Alikuwa akiyaagiza Korogwe na kulipia gari.

Muda wetu unakwisha, nami nitawaachia jambo la kujadiliana mpaka juma lijalo. Ni shauri la kweli, na wenyewe bado hawajapatana. Bibi mmoja apika chakula cha sherehe. Mwenzake wa kikundi, mwenye kukodisha viti na maturubai, alimpelekea mteja wa harusi, na walikuwa wamepatana ada ndogo, akapewa mara moja, kwa uwazi. Mwaka wa pili mteja yule alikuwa na maulidi. Hakupita kwa mtu wa viti. Alimpigia simu bibi moja kwa moja, na viti akakodi mahali pengine kwa bei nafuu. Mtu wa viti adai ada ya pili. Asema, “Bila mimi usingemjua.” Bibi ajibu, “Safari ya kwanza ulimleta wewe, safari ya pili ameletwa na pilau yangu.”

Mimi naelekea upande wa bibi, lakini nitakiri kwamba mapatano yao hayakusema kama ada ni ya mara moja au ya kila mara, na kosa hilo ni la wote wawili. Zungumzeni katika vikundi vyenu. Msikilizeni kwanza mwenye viti, kwa maana wengi watamkimbilia bibi upesi kwa sababu ya pilau. Kisha katibu wa kikundi aandike mlivyoamua na sababu zake, mtuletee. Juma lijalo tutasoma majibu matatu au manne, na tutaanza habari ya kuuza kwa mkopo. Kwaherini.